Shahidi wa Utani

Bibi Skolastika Gama alipolala ndani ya kaburi la Mzee Pangrasi na kukataa kutoka, watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye udongo.

Alikuwa na haki hiyo. Yeye ni Mngoni na marehemu alikuwa Mhehe, na watu wa makabila hayo mawili, baada ya babu zao kupigana mpaka wakachoka, walibaki watani. Mtani wako akifiwa huendi kumpa pole ya kinyonge. Unakwenda kumvuruga. Tangu asubuhi Bibi Skolastika alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake, anachechemea kama yeye, anamuuliza mjane kwa nini chai imechelewa. Jeneza lilipotolewa, moja ya yale ya kisasa ya mianzi iliyoshindiliwa, alilizunguka akaligonga kwa kidole.

"Wahehe nyie mna mambo! Maisha yake yote kanywa ulanzi, pombe ya mwanzi, leo mmeona mumtie kabisa ndani ya mwanzi wake?"

Hata padre aligeukia pembeni ili asionekane meno.

Daktari Lusiana Kihwele alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi, amemshika mkono mjane. Marehemu alikuwa baba yake mdogo, ndiye aliyemlea. Tangu msiba uanze hakuwa ameweza kulia wala kucheka, na sasa alikuwa anafanya yote mawili kwa pamoja, na moyoni alimshukuru yule mama wa Kingoni. Ni huyu huyu aliyemchekesha siku alipomzika mama yake mzazi. Lusiana alimpenda kwa hilo, wala hakuwahi kumwambia, kwa sababu mtani humwambii mambo kama hayo.

"Nazikwa mimi!" sauti ilitoka shimoni. "Huyu mvivu arudi shambani akapalilie. Aka... akapali..."

Ulimi ukawa mzito. Maneno yakaanza kuburutana, na watu wakazidi kucheka, maana hivyo ndivyo Mzee Pangrasi alivyokuwa akiongea jioni akitoka kilabuni. Halafu bangili iliyokuwa mkononi mwa Bibi Skolastika, moja ya zile ambazo mpango wa afya huwapa wote waliovuka miaka hamsini, ikapaza sauti ya kistaarabu kama ya mtangazaji wa redio.

"Tafadhali, huyu ni mgonjwa. Usemi wake umebadilika na presha imepanda sana. Nashuku damu inavuja kwenye ubongo. Msimpe chochote kwa mdomo. Gari limeshaitwa."

"Kaja na mashine ya kumsaidia utani!" kijana mmoja alipiga kelele, na watu wote wakaangua kicheko.

Lusiana naye alicheka. Yeye, bingwa wa ubongo, alicheka. Alicheka mpaka alipoona bonge la udongo limemwangukia Bibi Skolastika shavuni, karibu kabisa na jicho, na mkono wa kulia haukuinuka kulifuta. Akaruka shimoni na viatu vyake vya msiba.

*

Gari la wagonjwa la Hospitali ya Ihangala halina dereva, kwa hiyo hakuna wa kumhimiza. Lusiana alikaa kando ya kitanda, udongo umemjaa mpaka magotini, amekishika kiganja cha kushoto cha mgonjwa, kile ambacho bado kilimbana kidogo. Kofia ya picha ilishuka yenyewe, ikamfunika Bibi Skolastika mpaka kwenye nyusi, ikanguruma taratibu. Kwenye kioo ubongo ulijitokeza wa kijivu, na ndani, upande wa kushoto, palikuwa na doa jeupe.

"Nimeiona damu," ilisema Tambuzi.

Hilo ndilo jina la mashine inayotibu vichwa katika wilaya zote za nyanda zile. Bangili ni masikio yake, kofia ni macho yake, na kule hospitalini ina mkono: sindano ndefu inayopita kwenye tundu dogo la fuvu, ikapenya kati ya mishipa bila kuigusa, ikanyonya damu na kuziba palipopasuka. Zamani mgonjwa wa namna hii alisafirishwa mpaka Dar es Salaam, na wengi waliishia barabarani. Sasa kazi hiyo ilifanyika Ihangala, ukirudi nje unaikuta chai yako bado ya moto. Lusiana alikuwa amesomea ubingwa kwa jasho, lakini kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kukaa karibu na mashine na kuikubalia.

"Kiasi gani?" aliuliza.

"Kama vijiko vitatu vya chakula. Imejikusanya ndani, jirani na sehemu ya usemi. Nimeshampa dawa ya kushusha presha. Nikiitoa mapema, ana nafasi nzuri ya kuishi. Isipotoka, uvimbe utamuua leo hii hii."

"Na kusema?"

"Kati ya waliofanana naye, chini ya nusu walirudi kusema. Wengi wao kwa taabu."

"Andaa chumba."

Tambuzi ikanyamaza kidogo. Mashine ile haihitaji kunyamaza ili ifikiri. Wahandisi waliiwekea kimya hicho ili watu wajue kwamba linalofuata ni zito.

"Daktari," ilisema, "mgonjwa huyu alishakataa."

*

Sheria yenyewe ilitungwa kwa nia njema. Zamani, mgonjwa asiyeweza kusema aliamuliwa na ndugu, na ndugu wenyewe waligombana kitandani kwake mpaka mwenye sauti kubwa akashinda. Ndipo ikapitishwa kwamba bangili, kwa ridhaa ya mwenyewe, itunze kila anachokisema kuhusu ugonjwa, matibabu na kifo. Siku akishindwa kujisemea, Tambuzi inafungua kauli zake, na hizo ndizo zinazoamua. Karibu kila mtu aliridhia. Nani hataki kusikilizwa?

Kauli za Bibi Skolastika zilikuwa lundo. Mwanawe wa pekee, Gervasi, fundi wa pampu za maji, alifika hospitalini na matope ya makaburini kwenye suruali, akazisikiliza amesimama, mikono kichwani.

"Siku nikianguka msiniokote, niacheni nipumzike na sura zenu!"

"Daktari wa Kihehe anitibu mimi? Bora nife, angalau nife na akili zangu!"

"Mkiona nimepooza nizikeni mapema, msije mkanizika siku ya mnada nikakosa waombolezaji!"

Nyuma ya kila kauli kulikuwa na vicheko, vigelegele, vikombe vikigongana.

"Daktari, huu si utani tu?" Gervasi alisema. "Mama anaishi kwa utani. Siku ya kipaimara changu alimwambia askofu ana miguu ya Kihehe."

"Najua, Gervasi."

"Basi iambie hiyo mashine."

"Utani naufahamu kutoka kwenye maandishi," ilisema Tambuzi. "Lakini mtu anaweza kusema la moyoni huku anacheka. Kauli ni nyingi na zote zinaelekea upande mmoja. Sheria inamruhusu mtu anayeijua desturi aape kwamba kauli hizi si nia ya mgonjwa. Gervasi haruhusiwi, kwa kuwa ni mrithi. Wewe unaruhusiwa, Daktari. Isitoshe, wewe ni mtani wake."

Kiapo kile kina meno. Shahidi akibainika amedanganya, hasimami tena mbele ya Tambuzi, na daktari wa vichwa asiyeweza kusimama mbele ya Tambuzi atafute kazi nyingine tu.

"Nisikilize zote kwanza," alisema Lusiana.

"Zote?" Gervasi aligeuka. "Mtani, mama anakufa humo ndani!"

"Chumba kinaandaliwa. Acha nisikilize."

Akasikiliza. Nusura atabasamu. Katika kauli moja alijisikia yeye mwenyewe, miaka ile kwenye msiba wa mama yake, akicheka kwa kwikwi huku Bibi Skolastika akidai apewe marehemu akafanye naye kazi za ndani. Alianza kutulia. Hapa palikuwa na utani mtupu, na angeapa bila wasiwasi.

Halafu ikaja kauli isiyo na vicheko. Kulikuwa na mlio wa cherehani tu, maana Bibi Skolastika alikuwa mshonaji. Cherehani ikanyamaza. Sauti iliyofuata ilikuwa ya chini, ya mtu aliye peke yake chumbani.

"Nimetoka kumwona Emerensia. Anakutazama tu. Unamsemesha, anakutazama tu. Mungu wangu, ulimi ukinikataa mimi, nichukue. Usiniache hivyo."

Kisha cherehani ikaendelea.

Utani una kanuni moja nyepesi, na hakuna aliyekuwa ameiandika kwenye maandishi ya Tambuzi, kwa sababu hakuna aliyedhani inahitaji kuandikwa. Lazima mtani awepo. Mtu hawezi kujitania peke yake chumbani, kama asivyoweza kujibeba mgongoni. Siku ile ya cherehani hapakuwa na Mhehe. Hapakuwa na mtu yeyote.

Gervasi naye alikuwa amesikia. Aliinamisha kichwa.

"Mama mkubwa Emerensia," alisema. "Kiharusi kilimchukua ulimi. Mama alikwenda kumwona mara moja, hakurudi tena. Aliogopa, Daktari. Aliogopa tu. Nani haogopi?"

"Huenda."

"Mimi sina mwingine." Hakusema kwa kulia. Alilisema kama mtu anayetaja anakoishi.

Lusiana aliigeukia mashine. "Kauli moja inatosha kukataa matibabu?"

"Ikiwa imesemwa kwa nia, inatosha."

Basi ndipo mambo yalipofikia. Akisema kweli, kwamba nyingine zote ni utani isipokuwa ile moja, Tambuzi ingezitupa zote na kuishika ile moja, na Bibi Skolastika angekufa kwa ombi lake mwenyewe. Lusiana alijaribu kujiambia kwamba hofu si uamuzi. Mtu akimtazama dada yake mgonjwa atasema lolote, na kesho yake atainuka atashona gauni. Ilikuwa hoja nzuri, na huenda ilikuwa ya kweli. Lakini Bibi Skolastika hakumwambia Mungu kwamba anaogopa. Alimwomba kitu.

Na yeye Lusiana alikuwa amecheka pale kaburini. Mwanamke yule alikuwa anavujwa na damu mbele ya macho yake, na yeye akacheka. Hakuweza kuvumilia kwamba kicheko kile ndicho kingekuwa kitu cha mwisho kati yao. Alitaka Bibi Skolastika apone ili naye apone.

Akaweka kiganja juu ya kioo cha kiapo.

"Mimi, Lusiana Kihwele, naapa. Kauli zote za Skolastika Gama nilizozisikia ni utani."

"Zote?"

"Zote."

"Hata ya cherehani? Haina vicheko, wala hapakuwa na msikilizaji."

"Wangoni hutania hata peke yao," alisema Lusiana. Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimtisha kuliko kitu chochote siku ile.

"Asante, Daktari. Nimejifunza."

Kule chumbani sindano ikaanza kushuka.

*

Damu ilitoka yote. Uvimbe ulipungua, presha ikatulia, na Bibi Skolastika akafungua macho. Mguu na mkono wa kulia vilikuwa vizito. Alielewa kila alichoambiwa. Hakuweza kusema neno hata moja.

Gervasi alikuwa mtu mwenye furaha. Alikuja kila asubuhi na chupa ya uji, akamnywesha mama yake kijiko kwa kijiko, akamsimulia habari za pampu zilizoharibika na wateja wakorofi. Akimwona Lusiana kwenye ukumbi alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Lakini Lusiana akiingia wodini, Bibi Skolastika aligeuza uso akautazama ukuta.

Mwanzoni daktari alijipa moyo kwamba ni ugonjwa. Kiharusi huchezea macho ya watu kwa namna nyingi. Aliiuliza Tambuzi.

"Macho yake ni mazima," ilijibu. "Anageuka kwa hiari."

Hata hivyo Lusiana aliendelea kuingia. Alimpima, akamnyoosha vidole, akamweleza hali yake kwa upole, akiongea na kisogo. Siku moja alijaribu utani. Alisema Wangoni ni wagumu, hata kifo kimeonja kikatema. Kisogo hakikutikisika. Alitoka nje akaingia chooni, akafungua bomba la maji ili asisikike akilia.

Wiki hiyo hiyo akapigiwa simu na daktari mwenzake, Mwasulama, wa hospitali moja ya wilaya ya jirani.

"Hongera, dada," alisema Mwasulama. "Ushahidi wako umetuokolea mzee huku. Mngoni, damu kichwani. Alikuwa anamwambia mkewe kila mara, chumbani kwao, kwamba hataki kichwa chake kitobolewe. Zamani tungemwacha. Sasa Tambuzi inasema kauli za Wangoni kuhusu kifo zihesabiwe utani, hata za faraghani. Tukamtibu."

Lusiana alitafuta kiti. "Anaendeleaje?"

"Anapumua. Hatembei, hasemi. Mkewe ndiye hatuelewani naye. Analia tu. Anasema mumewe alikuwa mtu mkimya, hajawahi kumtania mtu tangu wamefahamiana."

Baada ya simu kukatika Lusiana alibaki amekaa. Alikuwa amejizoesha kuamini kwamba amemwibia mtu mmoja, tena kwa upendo. Sasa aliona kwamba amewanyang'anya watu wengi asiowajua haki ya kusikilizwa, na kwamba mashine ile, yenye adabu na isiyosahau, itaendelea kuwanyang'anya kwa jina lake.

*

Mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani, kama akili yake ni timamu, hutoa kauli mpya. Bibi Skolastika aliwekewa ubao mapajani, wenye kitufe cha kijani na chekundu. Jua la mchana liliingia wodini mpaka kitandani. Gervasi alikuwa amekaa upande mmoja na begi la nguo, na Lusiana, kama sheria inavyotaka, alisimama upande wa pili kuwa shahidi. Bibi Skolastika hakumtazama.

"Bibi Skolastika," ilisema Tambuzi, "bonyeza kijani kwa ndiyo, chekundu kwa hapana. Jina lako ni Skolastika Gama?"

Kijani.

"Huyu aliyekaa ni mume wako?"

Chekundu, tena kwa nguvu, na Gervasi akacheka.

"Unaelewa kwamba damu inaweza kuvuja tena?"

Kijani.

"Ikivuja tena, nikutibu kama nilivyokutibu?"

Bibi Skolastika hakuharakisha. Aliinua mkono wake wa kushoto, akauweka kichwani kwa mwanawe, akampapasa kuanzia kwenye utosi mpaka shingoni, kama alivyompapasa alipokuwa mtoto. Kisha akaurudisha mkono kwenye ubao, akabonyeza chekundu.

"Mama," alisema Gervasi. "Mama, hapana."

Kidole hakikuondoka.

Tambuzi ikakaa kimya, kile kimya chake cha kutengenezwa. "Daktari, kauli hii inafanana na ile ya cherehani, ambayo uliithibitisha kuwa utani. Kwa hiyo naelekea kuihesabu hivyo hivyo, na damu ikivuja nitamtibu. Je, huu nao ni utani?"

Gervasi alimtazama Lusiana. Macho yake yalisema kila kitu, na kilichohitajika ni neno moja, jepesi, ambalo lilishawahi kutoka kinywani mwake bila kutetemeka.

"Hapana," alisema Lusiana. "Si utani."

Gervasi akafumba macho.

"Na ile ya cherehani haikuwa utani," aliendelea. Safari hii sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Nilijua wakati naapa. Mngoni hatanii peke yake. Hakuna mtu anayetania peke yake. Futa ulichojifunza kwangu, kwa huyu na kwa Wangoni wote. Na mwarifu Daktari Mwasulama, amwambie yule mama kwamba mumewe alisema kweli."

"Unafahamu kwamba baada ya hapa husimami tena kuwa shahidi mbele yangu?"

"Nafahamu."

"Basi naupokea ushahidi wako. Kauli ya Bibi Skolastika inabaki kama alivyoitoa."

Taa ya ubao ikazimika. Gervasi aliinuka, akasimama dirishani akiwapa mgongo.

"Ungeniachia tu, mtani," alisema polepole. "Hilo moja."

"Halikuwa la kwangu kukuachia, Gervasi."

Lusiana alivua beji yake kwenye koti, akaishika mkononi bila kujua aiweke wapi. Hakuthubutu kutazama kitandani. Alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni aliposikia shuka linaburuzika, na pumzi za mtu anayefanya kazi ngumu.

Aligeuka. Bibi Skolastika alikuwa ameushika mguu wake mzito kwa mkono wa kushoto, anausogeza kuelekea ukutani kidogo kidogo. Alipomaliza akausogeza na ule mwingine. Kisha akamtazama Lusiana usoni, akapigapiga godoro pale palipobaki wazi.

Lusiana akaenda akakaa.